Mama kijacho na vyuma: daftari langu, wiki ya 11 hadi ya 27

Wiki ya 11. Nimerudi jimu baada ya wiki tatu za kutapika. Kabla ya mimba hii nilikuwa nachuchumaa na kilo 60 mabegani. Leo nimeweka 40, seti tatu, na bado nilikaa chini katikati. Kliniki walipima presha na damu, wakaniuliza kama nilikuwa nanyanyua toka zamani. Miaka miwili, nikasema. "Basi endelea, ila usitafute rekodi." Ningekuwa naanza leo, nadhani jibu lingekuwa kutembea kwanza.

Wiki ya 14. Mama mkwe kaja kututembelea. "Mwanangu, hivyo vyuma vitamkunja mtoto." Sikubishana. Nilimwonyesha tu ninavyopumua: pumzi naitoa wakati wa kunyanyua, siibani. Kuibana kunapandisha presha na kusukuma chini sakafu ya nyonga, ile misuli inayobeba kizazi. Kaguna, kaenda jikoni.

Wiki ya 17. Kulala chali kwenye benchi basi. Seti ya pili nikaona nyota. Kizazi kikishakuwa kizito kinaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Niligeuka ubavu wa kushoto, kikapita. Sasa nauinua mgongo wa benchi, nakaa nusu wima, nasukuma dambeli za kilo 8. Watu wa jimu wananiita "mama kijacho" na kunipisha foleni ya maji, jambo ambalo sijalikataa.

Wiki ya 20. Nimeumia, na si jimu.

Gesi iliisha jioni, wali ukiwa nusu. Kijana wa duka kauacha mtungi mlangoni, nami nikaona aibu kumwita jirani. Ule wa kilo 15, na hiyo ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa. Niliuinua kwa mkono mmoja huku nimejipinda kupita kwenye kona ya jiko. Kitu kikavuta kinenani, nikauweka chini taratibu nikashika ukuta. Kilo 40 za jimu nazishika kwa mikono miwili, miguu imekanyaga imara, chuma kiko karibu na mwili, hakuna kona. Na mwezi huu kano zangu zimelegea kwa homoni, nyonga haisamehi kujipinda.

Hakukuwa na damu wala maji, tumbo halikukaza, mtoto alicheza usiku ule. Kesho yake nilienda kliniki vilevile. Wakanipumzisha wiki moja, nitembee tu.

Kinachonichekesha: miezi miwili familia nzima imeniogopea jimu, na hakuna aliyeniambia niache mtungi. Wala ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 zinazotikisika, tena naiinua toka sakafuni kila asubuhi.

Wiki ya 22. Nimerudi. Miguu miwili sambamba, hakuna kuchuchumaa kwa mguu mmoja, maana ndiko kinena kinakolalamika. Nafika saa 12 asubuhi kabla joto la Dar halijapanda. Kipimo changu ni maongezi: nikishindwa kumaliza sentensi, nimezidisha. Siku zisizo za vyuma natembea. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, mimi nafika 120, wiki mbaya 80.

Ndani ya jalada la daftari nimeandika ya kuniachisha papo hapo: damu, maji kutoka, kizunguzungu, kifua kubana, shavu la mguu kuuma au kuvimba, tumbo kukaza na kurudia.

Wiki ya 27. Kilo 30, na nimezipenda. Ultrasaundi imeonyesha kondo la nyuma limekaa juu, mbali na mlango wa kizazi, kwa hiyo naendelea. Tumbo likitokeza mstari kama mgongo wa samaki ninapoinuka, zoezi hilo naliacha.

Jana mama mkwe alinikuta bafuni nachota maji kwa kopo, ndoo nusu nusu. Akaichukua mkononi mwangu, akaipima kwa kuinua kidogo, akasema, "Hii nzito kuliko vyuma vyako." Kisha akaibeba mwenyewe.