Siku kompyuta ilipoanza kusoma sukari

Mwaka 1970 nilikuwa Ohio, Marekani, nikijifunza kazi za maabara katika hospitali moja. Maabara ya kemia ilitumia AutoAnalyzer, mashine aliyoibuni Leonard Skeggs, naye wa Ohio hukohuko, na iliyokuwa ikiuzwa na kampuni ya Technicon tangu 1957. Seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ilivutwa kwenye vijibomba vyembamba, viputo vya hewa vikiukatakata mkondo ili mgonjwa huyu asichanganyike na yule. Ikatiwa dawa, ikapashwa moto, rangi yake ikapimwa kwa mwanga, na kalamu ikachora vilima kwenye karatasi. Kila kilima, mgonjwa mmoja.

Kazi ya kuchosha ilianzia hapo. Tulipima kila kilima kwa rula, tukakilinganisha na vya sampuli za kulinganishia, ambazo kiasi chake kilijulikana, tukaandika namba daftarini, kisha tukainakili kwenye karatasi ya wodi. Ukichoka, 218 inageuka 281, na mwenye kisukari anachomwa insulini ambayo mwili wake haukuihitaji. Hilo lilininyima usingizi.

Ndipo ikaletwa kompyuta iliyoitwa PDP-8. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno 4,096 ya biti 12. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Asubuhi fundi aliiingizia maagizo ya kwanza kwa swichi za mbele, moja baada ya nyingine, huku midomo yake ikihesabu. Kisha teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa nayo, ikasoma programu kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, herufi 10 kwa sekunde, kelele tupu. Waya kutoka kwenye kalamu ya AutoAnalyzer uliipelekea kompyuta umeme uliopanda na kushuka pamoja na mchoro.

Siku ya majaribio tulisoma sukari kwa rula, nayo kompyuta ikasoma kivyake. Hadi saa nne namba zilikwenda pamoja. Ilipofika mchana zikaachana: zetu zilikuwa juu, na tofauti ikikua kwa kila sampuli. Mkuu wa zamu, mama wa makamo aliyesoma michoro ile miaka mingi, hakutaka ubishi wa maneno. Alizirudisha seramu zote zenye utata mashinini, na sampuli mpya za kulinganishia alizochanganya mwenyewe.

Majibu yakaangukia upande wa kompyuta. Chumba kilikuwa kimepata joto na mstari wa chini wa mchoro ukawa unapanda kidogo kidogo. Rula ilitegemea vipimo vya asubuhi; programu ilijirekebisha kila ilipokutana na sampuli ya kulinganishia katikati ya foleni.

Mama yule alimwita fundi amwandikie hesabu hiyo ubaoni. Akaifuata mstari kwa mstari, akauliza hapa, akamsimamisha pale, mpaka akaweza kuirudia bila kusaidiwa. Kisha akamwuliza lini atauvuta waya wa pili hadi kwenye mashine ya kupima urea, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, kwa sababu huko ndiko foleni ilikuwa ndefu zaidi.