Blakibasi akiwa kiotani hana njaa

Kuna samaki mmoja ananisumbua roho mpaka leo na wala hakua mkubwa, kilo moja na kitu tu, blakibasi dume, yule samaki mwindaji mwenye domo kubwa anayeitwa black bass kwa Kiingereza, nilimtoa Ziwa Naivasha hapa Kenya, upande wa Kamere asubuhi moja maji yakiwa yametulia kabisa. Nilikua nimesimama kwa boti ya mjomba wangu nikaona duara jeupe chini ya maji kama mtu ameacha sinia kwa matope, na juu ya hilo sinia samaki ametulia tu, haendi mbele harudi nyuma. Nikatupa chambo cha bandia kikapita pembeni hata hakukiangalia. Nikatupa tena kikaanguka katikati ya duara, pap, akakibeba. Nikashangilia. Mjomba alikua ameshika kasia, akaniambia polepole, "Mjomba, huyo hakuuma kwa njaa. Hebu angalia pale alipotoka."

Tilapia wadogo walikua washaingia. Wameinamisha vichwa wanadonoa, wanadonoa, na mimi bado nahangaika kutoa ndoana mdomoni mwa baba mtu. Nilimrudisha majini mzima, akaenda zake chini ya mafunjo, lakini mayai yalikua yanaisha mbele ya macho yangu. Dakika chache tu jamani.

Tangu hapo nimetaka kumjua huyu samaki vizuri, juu wengi wetu tunajua kumvua na hatumjui mwenyewe. Kwanza si wa huku. Aliletwa Naivasha mwaka wa 1929 kutoka Marekani ili watu wapate samaki wa kuvua kwa fimbo, wakati huo ziwa halikua na samaki wa maana wa kuvua. Kreifishi, yule kama kambakochi mdogo mwekundu, naye akaja 1970 akitolewa Uganda, alafu 2001 ndio kapu, samaki anayeitwa carp kwa Kiingereza, akaanza kuonekana, na baadaye akajaa nyavuni. Kwa hivyo karibu kila kitu unachovua pale ni mgeni aliyemkuta mgeni mwenzake, na blakibasi ndio mmoja wa wale wazee wa ziwa.

Sasa hiyo sinia. Dume ndio hujenga kiota, jike hana kazi hapo. Anatafuta mahali maji si marefu, mara nyingi kati ya nusu mita na mita mbili, chini pawe pagumu kiasi, mchanga au changarawe au mizizi, alafu anapiga mkia mpaka matope yanaondoka na panabaki duara safi. Ndio maana unaliona jeupe. Akimaliza anamleta jike, jike anataga mayai yanashika kwa vijiwe na mizizi, dume anayarutubisha hapo hapo, na jike anaondoka. Anaweza kutaga elfu kadhaa, akiwa mkubwa ni makumi ya elfu, na si lazima ayaweke yote kwa kiota kimoja. Dume naye anaweza kukaribisha jike mwingine kesho yake. Lakini akishapata mayai haondoki. Anayapepea kwa mkia usiku na mchana ili matope yasitue na hewa ifike, na kwa siku kama tatu nne kwa maji ya uvuguvugu yanaanguliwa. Vifaranga havijui kuogelea bado, vinabaki chini vikila kile kiini walichotoka nacho kwa wiki moja hivi, alafu vinainuka pamoja kama wingu. Na baba bado yupo! Analizunguka lile wingu wiki mbili, tatu, hata nne.

Muda huo wote hawindi kwa maana ya kuwinda. Anakonda. Ukimshika utaona mkia umelika chini, mwingine mpaka una damu, hiyo ni alama ya kazi ya kiota na ukiiona mrudishe haraka na pale pale ulipomtoa. Anachokifanya akibeba chambo chako ni kukitoa nyumbani kwake, kama vile wewe ungemtoa nyoka chumba cha watoto. Kwa hivyo mtu anayejisifu eti leo wanauma sana pembeni, wanauma hata chambo kisicho na kitu, hao hajawadanganya kwa ufundi, amewakuta wanalinda watoto.

Wale wa Marekani wana afadhali kidogo kwa hili juu wana majira. Maji yakitoka kwa baridi na kufika nyuzi 15 au 16 hivi ndio mambo ya viota yanaanza, mvuvi anajua hiyo miezi awe mpole, na kuna majimbo yanafunga uvuvi wakati huo. Sisi hapa ikweta maji hayana majira ya baridi ya kumpa samaki saa ya kuanza. Mimi nimeona sinia Machi na nimeziona Septemba. Hakuna mwezi wa kusema sasa wamemaliza, ni lazima uangalie kwa macho kila unapotoka, na miwani ile ya kukata mng'aro wa maji hapo ni ya lazima kabisa.

Kuhusu chakula, mtoto wa blakibasi anaanza na vidudu vya majini visivyoonekana vizuri, akikua kidogo anahamia kwa wadudu, alafu akipata mdomo wa kutosha anakua mla nyama kamili, samaki wadogo pamoja na ndugu zake kabisa. Wa Naivasha akishakua, kreifishi ndio ugali wake. Mjomba akipasua tumbo la blakibasi mkubwa huwa anatoa magamba mekundu kwanza kabla ya kitu kingine. Na hapo ndipo nilibadilisha vile ninavuta mshipi. Kreifishi akishtuka anarudi nyuma kwa kupiga mkia, shaa, anatulia chini, shaa tena. Chambo kinachoogelea sawasawa juu juu hakifanani na hicho kitu. Kiache kifike chini, kivute kidogo, kinyamaze, hesabu mpaka tano. Mara nyingi ananyakua kikiwa kimenyamaza. Na hanyakui kwa meno kama vile watu wanadhani, anafungua lile domo ghafla maji yanaingia na chakula kinaingia nayo, na akisikia ni kitu kigumu cha uongo anakitema upesi sana, kwa hivyo ukihisi mshipi umekua mzito tu bila kugongwa, inua fimbo.

Alfajiri na magharibi ndio saa zake, anaona vizuri kwa mwanga mdogo kuliko wale anaowinda. Mchana mtafute kivulini. Tangu ziwa lilipopanda sana 2020 kuna ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, hapo chini ya matawi anakaa kama mlinzi wa benki.

Kukua kwake kunategemea chakula na joto, si miaka peke yake, wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mara mbili kwa uzito. Akifika karibu sentimita 25 anaweza kuzaa. Majike ndio hukua wakubwa. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na kidogo, George Perry alimtoa jimbo la Georgia kule Marekani mwaka wa 1932 na haikufikiwa mpaka 2009, Manabu Kurita alipovua mwingine wa karibu uzito huo huo Ziwa Biwa kule Japani. Wangu mkubwa ni kilo mbili na robo. Alikua jike, tumbo limejaa mayai, nikamrudisha.

Kinachoniumiza zaidi saa hii ni matope. Kapu anachimbua chini akitafuta chakula, maji yanachafuka, na blakibasi ni mwindaji wa macho, na mayai yake yanataka maji safi. Yule dume anapepea kuliko zamani. Sisi tukimuongezea ndoana hapo juu, atabaki na nini?

Jumamosi iliyopita tulitoka tena na mjomba. Karibu na mti mmoja mkavu nikaona wingu jeusi dogo juu ya maji, kama mtu amemwaga majani ya chai, na chini yake kivuli kirefu kikizunguka. Mjomba alizima injini bila kuniuliza, tukapiga kasia tukazunguka mbali, na mshipi wangu nikaurusha upande ule mwingine.