Kioo cha oveni na jivu la mbabula

Oveni yangu ya gesi niliikuta imeshatumika kwa watu, na kioo cha mlango kilikuwa cheusi hata keki nilikuwa naipika kwa kunusa. Harufu ikija, nafungua. Mara nyingi nilifungua mapema, keki ikabonyea katikati. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Ni moshi kidogo tu, mama." Kidogo!

Nikaanza na sabuni ya unga. Kitambaa kikawa cheusi, kioo vilevile. Nikachanganya bikabonati na siki, povu likapanda, watoto wakapiga makofi, basi ikaishia hapo, maana viwili hivyo vikikutana vinauana nguvu. Bikabonati peke yake ndiyo iliyonisaidia: niliikoroga na maji kidogo ikawa nzito kama uji wa mtoto, nikaipaka pembeni penye mafuta ya kahawia yaliyoungua, nikalala. Asubuhi nikakwangua kwa kadi ya plastiki.

Weusi wa katikati ulimsubiri shangazi, aliyekuja kutoka Minova. Alinitazama nikihangaika, akaenda kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, ambayo makala yake yalikuwa yamezimika tangu jana. Akachota jivu jeupe, akalichekecha kwa chujio la chai, akalowesha gazeti, akachovya, akasugua kwa kuzungusha. Masizi yakaanza kuachia. Jivu lina ukali kama wa magadi, likikutana na mafuta linafanya namna ya sabuni. (Mikono yangu ilikauka siku mbili, vaeni glavu.) Kuchekecha ni lazima. Hapa Goma kokoto za lava zinaingia hata kwenye viatu, na chembe moja tu inatosha kukichora kioo. Na oveni iwe imepoa kabisa, maana maji baridi kwenye kioo cha moto yanakipasua.

Likabaki doa moja refu, limekaa kama Ziwa Kivu kwenye ramani. Nililisugua siku mbili. Shangazi akapitisha ukucha juu yake.

"Ile iko ndani, mwanangu. Vioo ni viwili. Utasugua mpaka Yesu arudi."

Nilikaa chini kwanza. Halafu nikatafuta bisibisi, nikapiga picha ya mlango kwa simu nisije nikasahau mpangilio, nikafungua skrubu nne za ukingo wa juu. Kati ya vioo kulikuwa na masizi, vumbi, na mende aliyekauka miguu juu. Dakika tano, kwisha.

Moshi wenyewe ulitoka kwenye moto: mwali ulikuwa wa njano kwa sababu matundu ya gesi yalikuwa yameziba. Nilifunga mtungi, nikayazibua kwa pini. Sasa mwali ni wa bluu.

Jumapili watoto walikaa mbele ya oveni kama wanaangalia mpira. Shangazi alirudi Minova na nusu ya keki, akilalamika kwamba sukari ni kidogo.