SME V na Graham Phantom, nimezisikiliza zote mbili

Wapenzi wa santuri, nimepata bahati ya kusikiliza mikono miwili ya bei mbaya (mkono ndio unaobeba sindano juu ya santuri) kwenye gramafoni moja, katriji ileile, yaani kile kidude chenye sindano: SME Series V na Graham Phantom.

SME kwanza. Bomba lake ni magnesi iliyomiminwa kipande kimoja mpaka kichwani, pale katriji inapofungwa. Besi yake, weee! Imetulia, noti inaanza na kukatika panapotakiwa. Mgandamizo wa sindano unauweka kwa kuzungusha kidude pembeni, springi inafanya kazi. Kinachoudhi ni kwamba kichwa hakigeuki, kwa hiyo sindano ikitoka kiwandani imeinama upande, huna la kufanya.

Phantom yenyewe imesimama juu ya ncha moja tu, na sumaku ndizo zinazoizuia isiyumbe. Ukiishika mara ya kwanza unaona kama itadondoka (roho mkononi!). Lakini mwinamo wa sindano unaurekebisha taratibu mpaka chaneli ya kushoto na ya kulia zilingane. Hapo sauti za waimbaji zilifunguka, nikasikia hata mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.

Mimi ningechukua Phantom, ingawa kwa besi SME imeshinda bila ubishi. Ila kabla hujatoa hela, angalia katriji yako: uzito wa mkono na ulaini wa sindano vinapaswa kukupa mtetemo wa asili wa kati ya hezi 8 na 12 (mitetemo kwa sekunde). Ukishuka sana chini ya hapo, kila santuri iliyopinda itakutikisia spika.