Siku moja na wembe wa mpini wa pembe

Saa 2 asubuhi nafungua karakana. Niko Sheffield, Uingereza, mji ambao chama chake cha mafundi visu kilianzishwa 1624. Kazi yangu ni mipini ya pembe ya nyembe za kale za kukunja. Wa leo mteja kaurithi. Chuma kimepigwa chapa ya Sheffield, lakini neno England halipo. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo huenda wembe huu ni wa kabla ya hapo.

Saa 3 naumulika kwa tochi. Pembe halisi huonyesha nyuzi na mawingu ndani yake. Wengine huchoma kwa sindano ya moto wanuse kama inanuka nywele. Nawasihi waache, maana mpini ukiwa wa seluloidi, plastiki ya zamani, unalipuka moto.

Saa 4 nasaga kwa tupa ndogo vichwa vya ribiti, yaani vijiti vya chuma vinavyoushikilia mpini, na kuachanisha mabamba yake mawili. Mkiani mwa mpini kuna kabari ya madini ya risasi, basi navaa glavu, na chai haikai mezani. Risasi siipigi msasa kabisa, vumbi lake ni sumu.

Bamba moja limejikunja. Nalitia kwenye maji ya moto mpaka lilegee, nalibana kati ya mbao mbili kwenye jiliwa, nalo lipoe humo humo.

Likipoa, mimi niko na la pili, na hapa ndipo sehemu kubwa ya siku inapoishia. Lina vishimo vya mabuu ya nondo, wale wale wanaokula sufu, kwa kuwa pembe na sufu zote ni keratini, protini ile ile ya nywele na kucha. Najaza vishimo kwa unga wa pembe uliochanganywa na gundi, nangoja ikauke, kisha msasa wa maji, kutoka namba ya mkwaruzo hadi ya laini: 400, 600, 1000, 2000. Nafuata nyuzi, napangusa, nalipeleka dirishani. Mkwaruzo wa 400 ukiachwa, 2000 hauuondoi. Unaung'arisha tu uonekane vizuri zaidi. Kuna wanaoniambia nitupe pembe niweke plastiki. Sikubali. Pembe hii imeshikwa na mikono ya watu zaidi ya miaka mia, na bado ina uzima.

Saa 10 napaka mafuta ya kwato za ng'ombe, kisha nasugua kwa kitambaa cha pamba na polishi. Kwa mkono tu: gurudumu la mashine hupasha joto na pembe hubanduka matabaka. Rangi ya asali inatoka, na michirizi myeusi kama moshi.

Saa 11 bamba lililobanwa limenyooka, lakini naliacha kwenye jiliwa hadi kesho. Likitoka mapema hurudi lilikokuwa. Msasa wake, ribiti mpya za shaba na nyundo ndogo vitasubiri, na mteja nimeshamwandikia kwamba wembe hautakuwa tayari wiki hii.