Siku kerezo lilipokata chuma mara ya kwanza

Kerezo, mashine ya kuzungusha chuma ili kisu kikichonge, lilivushwa kutoka Mokowe kwa mashua likiwa vipande: kitanda peke yake, kichwa peke yake, na chaki, kile kibanio cha kushika chuma kikizunguka, imefungwa guniani. Mahamali walilisukuma kwa mkokoteni mpaka karakana ya Ami, Lamu mjini. Tulilifunga juu ya msingi wa saruji na kulipima kwa pima maji, kwa urefu na kwa upana, maana kitanda kikipinda kidogo tu, shafti hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Asubuhi ya kuliwasha alifika nahodha mmoja wa Matondoni. Bushi ya shafti ya rafadha yake, lile bomba fupi la bronzi ambamo shafti huzunguka, ilikuwa imelika, boti yatetemeka mpaka mbao za tezi zinaachana.

Aliyetuuzia kerezo alikuwa ameongeza sanduku la visu vya kabaidi, vile vyenye kipande kigumu kilichochomelewa nchani. Ami alivitazama kimoja kimoja, akalifunika sanduku.

"Hivi tutavitaka baadaye, mwanangu. Leo lete vya hai-spidi."

Vya hai-spidi ni visu vya chuma kigumu kitupu, bila kipande cha kabaidi. Alikuwa na sababu, na mpaka leo naona ni sahihi kwa yeyote anayeanza na mashine kuukuu. Kabaidi hustahimili joto, lakini haipendi mtikiso, ikigongwa humeguka. Tena yataka mbio. Chuma laini hukatwa na hai-spidi kwa mita 25 hivi kwa dakika, na kabaidi kwa mita 100 au zaidi. Hesabu ni hii: zidisha mita kwa 1,000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha chuma kwa milimita. Chuma cha mm 25 kwa hai-spidi chataka mizunguko 318 kwa dakika. Kwa kabaidi yapita 1,200. Kerezo letu halikufika 800 hata mkanda ukiwekwa kwenye puli ya mbio kuliko zote. Na jiwe la kijivu la grainda yetu halinoi kabaidi, yahitaji jiwe la kijani. Hai-spidi hunolewa na jiwe lolote la karakana.

Tulichukua kipande cha mraba cha mm 10. Ami alinoa ubavu kwanza, ukiinama digrii 10 hivi ili chini pasiguse kazi, kisha uso wa mbele vivyo hivyo, mwisho mgongo, ukiteremka digrii 12 hadi 15 kutoka kwenye makali. Alikichovya majini kila mara, kisu kikiwa bado chashikika kwa vidole. Kikiachwa mpaka kiive chekundu kisha kichovywe ghafla, hufanya nyufa. Ncha aliiviringisha kidogo kwa jiwe la mafuta, kama nusu milimita. Ncha kali mno huchora chuma mistari na hufa upesi.

Kisu lazima kilingane na kitovu cha kazi. Ami aliweka rula nyembamba ya chuma wima kati ya kisu na chuma kilichofungwa kwenye chaki, akakisukuma kisu taratibu mpaka rula ikabanwa. Ncha ya chini ya rula ikija upande wako, kisu kiko juu ya kitovu; ikienda mbali nawe, kisu kiko chini ya kitovu. Ikisimama wima, kiko sawa. Chetu kilikuwa chini, tukakiinua kwa vibati vya msumeno uliovunjika.

Kabla ya swichi nilivua kikoi, nikavaa suruali na shati la mikono mifupi. Glovu hazivaliwi hapo kabisa, kwani chaki ikiushika uzi mmoja huvuta mkono mzima. Na ufunguo wa chaki hauachwi ndani yake hata kwa nukta moja.

Tulianza na chuma laini, kina cha nusu milimita. Kelele kali ikapanda, na uso ukatoka na mawimbi. Ami alizima. Kisu kilikuwa kimechomoza mno. Alikirudisha nyuma mpaka kilichobaki nje hakikuzidi unene wake mara moja na nusu. Kelele ikakoma, na makapi yakatoka ya rangi ya fedha. Kwa hai-spidi, makapi yakigeuka buluu, punguza mwendo.

Kisha bronzi. Ami kwa makusudi aliligusisha pande la chakavu kwa kisu kile kile cha mgongo ulioteremka. Kikajivuta ndani na kuacha shimo. "Umeona? Bronzi na shaba manjano hukikokota kisu." Akanoa kingine, mgongo bapa kabisa, na hicho kikakata kwa utulivu, makapi yakiruka vipande vidogo kama mchanga.

Bushi yenyewe ilikuwa mm 40 kwa nje. Tulisawazisha uso, tukatoboa kwa kekee ya mm 23, halafu tukapanua kwa kisu cha ndani. Kisu hicho ni kirefu na hujipinda, kwa hiyo mkato wa mwisho tulirudia mara mbili bila kuongeza kina, na kila mara kilikuta kitu cha kuondoa. Hatukupima bronzi ikiwa moto, maana ikipoa husinyaa. Shafti ilikuwa mm 25, nasi tukaacha tundu la 25.1, kwa sababu bushi ikishindiliwa kwenye bomba lake, tundu hupungua kidogo. Nje ilizidi bomba kwa 0.03, ili ibane.

Nahodha alitaka kuipiga nyundo. Ami akamzuia, akaivuta ndani kwa bolti yenye uzi, washa mbili nene na nati, akiikaza robo kwa robo. Shafti ikaingia na kuzunguka kwa vidole. Alichobakiwa nahodha ni kupaka grisi na kungoja maji kujaa.