Moina kwenye ndoo: chakula hai cha vifaranga wa samaki katika joto la Dar

Ushauri unaoniudhi kuliko wote kuhusu chakula hai ni ule wa kuweka ndoo ya maji uani na kuwaachia mbu wafanye kazi. Ni kweli samaki wanapenda viluwiluwi. Lakini Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes, hutaga hasa kwenye ndoo, matairi na makopo yaliyotuama maji karibu na nyumba. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, hustahimili ukavu kwa miezi, na kwa joto letu kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa takriban wiki moja. Ukipitiwa siku mbili tatu umewafugia majirani ugonjwa. Mimi nalea vifaranga wa beta na gapi, samaki wadogo wa mapambo, hasa kwa moina, vidudu vidogo vya majini, bila kumtegemea mbu hata mmoja, na hawa samaki wananenepa.

Ushauri wa pili unaowapotezea watu hela ni wa kufuga dafnia mkubwa, Daphnia magna, kidudu mwingine wa majini, kwa sababu ndiye anayesifiwa Ulaya na Marekani. Yule ni wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Januari na Februari hata ndoo ya kivulini hapa hufika nyuzi 29 au 30. Anaacha kuzaa, kisha anatoweka. Anayetufaa ni ndugu yake mdogo, moina. Huyu hustawi kati ya nyuzi 24 na 31, yaani hali yetu ya kawaida. Mkubwa ana milimita moja hivi, mchanga hafiki hata nusu, kwa hiyo ndoo moja inalisha kifaranga na samaki mzima. Mambo yakiwa mazuri jike hahitaji dume: akifikisha siku nne au tano anaanza kuzaa, na baada ya hapo anazaa tena kila siku moja na nusu au mbili.

Mbegu, yaani moina wachache wa kuanzia, haina haja ya kuagizwa nje. Tafuta bwawa la sato au kambare ambalo limetiwa samadi na bado halijapandikizwa samaki, au jaruba la mpunga lenye maji yaliyotulia. Nenda alfajiri, angalia pembeni: moina hujikusanya juu kama wingu la rangi ya kutu. Chota kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo. Usiingize miguu mitupu, maana maji hayo yanaweza kuwa na kichocho, na mikono ikilowa ifute mara moja.

Sasa, usiyamimine maji hayo moja kwa moja kwenye ndoo ya kufugia. Hapa ndipo wengi wanaharibikiwa bila kujua sababu. Maji ya bwawa yanakuja na watoto wa kereng'ende, wanaokula vifaranga, na haidra, kidudu chenye minyiri ya kunasa mawindo, ambaye ukimwona keshajaza kuta za ndoo. Wanakuja pia kopepodi, vidudu wengine wadogo wa majini, wanaogombea chakula na moina hadi kumzidi. Dawa yake ni kumtoa moina mmoja mmoja. Mimina maji kidogo kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, chukua kidondoshi cha dawa ya macho kilichooshwa vizuri, na uvute wale tu wanaoogelea kwa kurukaruka pale pale, mwili wa mviringo, jicho moja jeusi. Kopepodi hukimbia kwa mshale, na jike lake hubeba vifuko viwili vya mayai mkiani. Vile vinavyofanana na mbegu za ufuta na kutambaa chini, viache. Wahamishie moina ishirini kwenye glasi ya maji safi, kutoka hapo glasi ya pili, kisha ya tatu, kila mara ukiacha nyuma usichokitaka. Ni kazi ya nusu saa inayokuokoa miezi. Hao ishirini, baada ya wiki mbili, hawahesabiki.

Ndoo zangu ni nyeupe za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kupikia, zikaoshwa kwa maji ya moto na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe kabisa. Ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka nyumba siitumii, hata ikisuguliwa namna gani. Nyeusi nayo inapika maji. Zinakaa barazani, zinapata jua la asubuhi kidogo halafu kivuli. Maji ni ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini iruke, au, bora zaidi, yale ninayopunguza kwenye tangi la samaki. Maji ya kisima chenye chumvi yanawadumaza. Ya mvua yaliyopita kwenye bati jipya yanabeba zinki, na zinki ni sumu kwao. Chini ya mwarobaini usiweke ndoo. Majani yake yana sumu ya wadudu. Na kama samaki wametibiwa kwa dawa ya shaba, maji ya tangi hilo yasiguse ndoo.

Kufunika ni lazima, kwa sababu ya mbu, na ndipo linapokuja jambo ambalo sijaona mtu akilisisitiza vya kutosha. Vyandarua vingi tulivyonavyo majumbani, vile vya kugawiwa kliniki na vya kampeni za malaria, vimetiwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini au permethrini. Kazi yake ni kuua mdudu anayegusa uzi. Moina ni jamii moja na kamba na kaa, na dawa hizo zinamuua kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko kinachohitajika kumdhuru samaki. Kipande cha chandarua hicho kikilegea katikati kikagusa maji, au mvua ya upepo ikakipiga ikadondokea ndani, ndoo iliyokuwa inachemka kwa moina asubuhi inakuwa na maji meupe tupu jioni, na chini kuna vumbi la maganda. Mwenye ndoo atalaumu hamira anayowalisha, atalaumu joto, ataanza upya, atafunika kwa chandarua kile kile. Kukifua hakusaidii, maana kinatengenezwa ili kihimili kufuliwa. Tumia nyavu ya madirisha isiyo na dawa, au shela jepesi, ulikaze kwa mpira wa bukta. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo isitumike karibu na ndoo.

Viluwiluwi vikipenya, navichota kwa chujio la chai kila siku ya pili na kuwapa samaki wakubwa. Ndoo ikiachwa bila kukaguliwa wiki nzima, yote niliyosema kuhusu dengi yanarudi.

Chakula. Maji ya kijani, yaani yaliyojaa mwani mdogo mdogo, ndiyo bora, kwa kuwa moina aliyeshiba mwani ana mafuta mazuri kuliko aliyelelewa kwa hamira peke yake. Ndoo moja ya maji ya tangi juani, ndani yake kijiko kikubwa kimoja cha kinyesi cha kuku kikavu kilichofungwa kwenye kitambaa, inageuka kijani kwa wiki moja hadi mbili. Kwa siku ambazo kijani hakitoshi, hamira: ile ya maandazi, si baking poda. Kwa lita 20 inatosha robo ya kijiko cha chai, hata chini ya hapo, iliyokorogwa kwenye glasi ya maji vuguvugu na kumiminwa taratibu. Maji yawe na ukungu mwepesi kama yale uliyooshea mchele mara ya pili. Kesho yake saa kama hiyo yawe yameng'aa. Kama bado yana ukungu, umezidisha, usiongeze kitu mpaka yang'ae. Kama yameng'aa baada ya saa chache tu, moina ni wengi na wana njaa. Wape tena kidogo au uvune. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata, na inavishinda vipimo vyote vya gramu.

Hamira iliyozidi huoza, oksijeni inaisha. Moina mwenyewe anakuonyesha: anatengeneza himoglobini, ile rangi ya damu inayobeba oksijeni, na kuwa mwekundu. Watu hufurahia wekundu huo wakidhani ni afya, kumbe anahema. Punguza theluthi ya maji siku hiyo hiyo. Pampu ya hewa inasaidia, lakini toa lile jiwe la kutawanya mapovu. Mapovu madogo hunasa chini ya gamba lake, akaelea juu na kukauka. Mpira mtupu unaotoa povu moja moja kubwa unatosha, na umeme ukikatika ndoo isiyojazwa kupita kiasi inavumilia bila pampu. Kifo cha aina nyingine hutokea kwenye kijani kizito juani: mwani ukila hewa ya kaboni mchana, pH, kipimo cha asidi ya maji, inapanda kupita 9, na amonia inayotokana na uchafu inageuka sumu kali. Ndiyo maana kinyesi cha kuku hakiendi kwenye ndoo ya moina. Kinaenda kwenye ndoo ya kijani tu, na kijani kinahamishwa lita moja moja.

Kuvuna, robo ya ndoo kwa siku, si zaidi. Nazima pampu, nasubiri wapande juu, nachota kwa kikombe na kupitisha kwanza kwenye chujio la chai la matundu madogo, halafu kwenye leso ya pamba. Wakubwa wanabaki juu, wachanga kwenye leso. Suuza kabla ya kulisha. Gapi anakula wachanga tangu siku ya kuzaliwa. Beta ni mdogo mno: siku mbili tatu baada ya kutotolewa anaishi kwa kiini cha yai lake, na akianza kuogelea mlalo, moina bado ni mkubwa kwa mdomo wake.

Hapo ndipo minyoo ya siki, Turbatrix aceti, inapookoa. Ina urefu wa milimita moja hadi mbili na ni myembamba kuliko unywele. Siki ya tufaha nusu, maji nusu, vipande viwili vya tufaha, mbegu kutoka kwa mfugaji mwenzako, kitambaa mdomoni, kisha uisahau kabatini mwezi mzima. Joto letu haliisumbui, na inakaa miezi bila kuongezewa kitu. Siki nyeupe ya dukani haifai, haina cha kulisha bakteria ambao minyoo hiyo inawala.

Kuitenga na siki ndiko kunakowashinda watu, na njia ninayoipenda haina gharama. Chukua chupa ya glasi yenye shingo ndefu nyembamba. Jaza siki yenye minyoo mpaka pale shingo inapoanzia. Sukuma bonge la pamba lishuke mpaka liguse siki, lisibaki na povu la hewa chini yake, kisha jaza shingo kwa maji ya tangi polepole. Minyoo inafuata oksijeni, inapenya pamba na kupanda kwenye maji matamu. Kesho asubuhi shingo nzima inameremeta kwa nyuzi zinazojinyonganyonga. Zivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka maji mengine, na kesho kutwa utavuna tena. Siki haigusi tangi. Uzuri mwingine, minyoo hii inaogelea katikati ya maji kwa siku kadhaa, ndipo walipo vifaranga wa beta. Kuanzia siku ya sita au ya saba ya kuogelea naanza kuchanganya na moina wachanga, na wiki ya tatu siki inarudi kabatini.

Minyoo ya uji, Panagrellus, inayopandwa kwenye ugali laini wenye chembe ya hamira, inazaa haraka na kupanda kwenye kuta za kopo ndani ya siku nne tano. Pwani inachacha mapema, ikipita nyuzi 28 inanuka na kufa. Ukiitaka, weka kopo ndani ya karai la mchanga mbichi penye upepo, na uhamishe mbegu kila wiki. Tangini inazama, kwa hiyo wape vifaranga kidogo kidogo. Artemia, vikamba vidogo sana vya kutotolewa kwa maji ya chumvi, ni wazuri mno, ila kopo la mayai linakula hela, na likifunguliwa unyevu wa Pwani unapunguza utotoleaji. Lifunge kwenye friji.

Usiwe na ndoo moja. Nina tatu, zilizoanzishwa kwa kupishana wiki, na kila mwezi ile kongwe inamwagwa bustanini na kuanzishwa upya kutoka kwa changa zaidi. Kabla ya kumwaga naangalia tope la chini. Moina wakibanana na chakula kikapungua, madume hutokea, na majike hutaga mayai ya kulala, vidonge vyeusi vyenye gamba gumu. Naanika tope hilo kivulini kwenye gazeti mpaka liwe unga, nalitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika tarehe. Ndoo zote zikifa, kijiko kimoja cha unga huo kwenye maji safi yenye mwanga huanza kuonyesha vidoa vinavyorukaruka baada ya siku chache. Ukimpa mwenzako mbegu, mpe na bahasha. Na kama ni moina hai, chupa ijae nusu tu, isitiwe chakula, na isafirishwe asubuhi kabla ya jua kali.